Kabla Ubonyeze Y, Jua Apt Ilitoka Wapi

Wasee, kila nikiona mtu ameanza Linux juzi na anakopi amri mtandaoni bila kuzisoma, huwa natamani kumwambia: hiyo laini moja ina historia ndefu.

Mwaka wa 1993, Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani, alianzisha Debian. Alichukua jina la mpenzi wake Debra akaliunganisha na lake. Wazo lilikuwa watu wajitolee, kila mmoja achunge vifurushi vyake vya programu, na wote wafuate kanuni moja.

Kazi ilikuwa kuviweka kwa mashine. Zana yao, dpkg, inaweka kifurushi ulichojiletea mwenyewe. Kikitegemea kingine ambacho huna, inalalamika tu na kukuachia msalaba. Unatafuta cha pili, nacho kinadai cha tatu. Stresi tupu.

Ndipo 1999 Debian 2.1 ikaja na apt. Hii inasoma orodha ya vilivyo kwa ghala, inapiga hesabu ya kila kinachohitajika, kisha inaleta vyote. Ndiyo maana unaanza na sudo apt update, halafu sudo apt install vlc. Ile ya kwanza haibadilishi programu zako. Inaleta orodha mpya tu.

Mwaka wa 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akajenga Ubuntu juu ya Debian. Jina lenyewe ni ndugu wa neno letu utu. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakituma CD za bure kwa posta, juu si kila mtu alikuwa na intaneti ya kudownload mfumo mzima.

Sasa maoni yangu. Ukiandika sudo, umetoa funguo za nyumba yote. Apt angalau inakagua sahihi ya ghala, na kama kuna vya ziada inakuorodheshea, inakuambia ni MB ngapi za bando zitaenda na nafasi itakayojaa, kisha inangoja useme Y ama n. Saiti ya programu za wizi haikuulizi kitu. Inakupea virusi na kunyamaza.

Watu wamejitolea miaka zaidi ya 30 ndio upewe nafasi ya kukataa. Soma kwanza, buda, ndio ubonyeze.