Ulaji wa Kimediterania: istilahi na maana yake

Istilahi ya Kiingereza "Mediterranean diet" imeshaingia katika vipindi vya afya na katika ushauri wanaopewa wagonjwa wa presha, kisukari na moyo. Kwa Kiswahili huitwa dayati, mlo au lishe ya Mediterania. Majina hayo yanaeleweka, lakini kila moja linaacha nje sehemu ya maana, na sehemu inayoachwa ndiyo inayomfaa zaidi mgonjwa. Makala haya yanapendekeza ulaji wa Kimediterania.

Dhana yenyewe ilipata umaarufu kupitia Mmarekani Ancel Keys, mtaalamu wa fiziolojia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifika Napoli, Italia, akaona kwamba maradhi ya moyo yalikuwa nadra miongoni mwa wafanyakazi wa kawaida, watu waliokula mboga, maharage na tambi, na nyama kwa nadra. Mwaka 1958 yeye na wenzake walianza Utafiti wa Nchi Saba, uliofuatilia wanaume zaidi ya 12,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 59 katika Marekani, Finland, Uholanzi, Italia, Yugoslavia, Ugiriki na Japani. Wanaume wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, walikuwa miongoni mwa waliokufa kwa uchache kabisa kutokana na maradhi ya moyo. Nao hawakuwa wakikwepa mafuta: walikula mengi, ila yalikuwa hasa ya zeituni.

Chakula kimoja cha Krete, horta, kinaonyesha namna hiyo ya kula. Ni majani ya porini yanayochumwa kondeni. Huoshwa kwa maji kadhaa hadi mchanga uishe, yakachemshwa mpaka vikonyo vilainike, kisha yakachujwa. Yangali na joto, humiminiwa mafuta ya zeituni na kukamuliwa limau. Huliwa kwa mkate, pengine pamoja na dengu au samaki. Siku nyingine ni maharage meupe yaliyopikwa kwa kitunguu, karoti na nyanya. Matunda hufunga chakula, lozi na njugu hutafunwa mara kwa mara, na nyama nyekundu husubiri sikukuu. Mvinyo hunywewa na baadhi yao, lakini si sharti: Moroko, nchi ya Waislamu, imo katika mila hiyo hiyo.

Sasa tuyapime majina. Dayati, kwa matumizi ya mitaani, ni kujinyima kwa muda ili kupunguza uzito. Mtu huingia dayati, na siku moja hutoka. Mlo ni chakula cha wakati mmoja: mlo wa asubuhi, mlo wa jioni. Tunasema mlo kamili, na ni sawa, lakini hapa hatuzungumzii sahani moja. Lishe inahusu virutubisho na namna mwili unavyovitumia. Haimgusi mpishi wala wanaokula pamoja.

Ulaji umetokana na kitenzi la, ukiwa na kiambishi -ji kinachobeba mazoea, kama ilivyo katika unywaji, uvutaji na ufugaji. Unahusu mtu anavyokula siku zote. Ni kweli kwamba neno hilo hutajwa pia kwa maana ya kujinufaisha kwa njia zisizo halali, lakini muktadha huondoa utata, na wataalamu wa lishe wamekwisha kulizoea katika maneno kama ulaji unaofaa. Nacho kiambishi ki- kinaonyesha namna: mtu hupika kipwani, huvaa kiasili. Kwa hiyo anayeishi Tabora anaweza kula Kimediterania bila kuagiza kitu kutoka Ugiriki.

Maana hii inaafikiana na chimbuko la istilahi. Neno la Kigiriki diaita lilimaanisha namna ya kuishi. UNESCO nayo, ilipouingiza ulaji huu katika urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010, ilitaja kilimo, uvuvi, upishi na desturi ya kula kwa pamoja.

Ushahidi wa kitabibu unaelekea huko huko. Utafiti wa Hispania uitwao PREDIMED, uliochapishwa mwaka 2013 na kuchambuliwa upya mwaka 2018 baada ya kasoro za mpangilio kugunduliwa, ulihusisha watu zaidi ya 7,000 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo. Waliokula Kimediterania, wakiongezewa mafuta ya zeituni au njugu na lozi, walipata mashambulio ya moyo, kiharusi na vifo vya maradhi hayo pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko kundi la kulinganishia. Hawakuagizwa kupunguza kiasi cha chakula.

Jikoni kwetu mengi ya kuanzia yapo: maharage, kunde, choroko, mchicha, matembele, dagaa, samaki, dona, matunda. Mafuta ya zeituni ni ghali, lakini parachichi na karanga zina kwa wingi asidi ya oleiki, ambayo ndiyo kuu katika zeituni. Kinachohitaji kubadilika ni mafuta ya kukaangia yanayotumiwa mara nyingi, chumvi nyingi, sukari kwenye chai na soda.

Basi wahudumu wa afya, waandishi na watangazaji tuseme ulaji wa Kimediterania. Mgonjwa akiambiwa dayati, atauliza inaisha lini. Akiambiwa ulaji, ataelewa kwamba anaombwa kubadili mazoea ya jiko lake, yeye na jamaa zake, kwa maisha yake yote.