Misheni ya Bagamoyo katika vita vya Abushiri

Mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walianzisha misheni Bagamoyo mwaka 1868 ili kuwapokea watumwa waliokombolewa. Miaka 20 baadaye, milango hiyohiyo ilifunguliwa kwa watu waliokimbia vita.

Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilishika forodha za pwani. Wenyeji wakaasi, na mwezi uliofuata manowari ya Kijerumani Leipzig ikaupiga mizinga mji wa Bagamoyo. Maelfu walikimbilia misheni na watoto wao, wakapiga vibanda katika viwanja vyake. Padre Étienne Baur aliwahifadhi, huku akizungumza na Abushiri bin Salim, kiongozi wa waasi, na Wajerumani vilevile.

Abushiri hakuishambulia misheni hiyo. Lakini Januari 13, 1889 misheni ya Wabenediktini huko Pugu ilivamiwa na waasi, wakauawa mabruda wawili, Petrus Michl na Benedikt Kantwerk, pamoja na Sista Martha Wansing. Wabenediktini hao walikuwa Wajerumani waliofika mwaka uliotangulia tu, na machoni pa wapiganaji hawakutofautiana na Kampuni. Wamisionari wa Bagamoyo walikuwa wamekwisha kuwa majirani.

Mei 1889 kamanda Mjerumani Hermann Wissmann, akiwa na askari wa Kisudani na wa Msumbiji, aliivunja ngome ya Abushiri karibu na mji. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 15 mwaka huo. 

Vita vinagusa pia familia, za askari wenyewe zikiwemo. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1986, Papa Yohane Paulo II alitoa katiba ya kitume *Spirituali militum curae*. Katiba hiyo inaweka chini ya askofu wa jeshi si askari Wakatoliki peke yao, bali pia wake au waume na watoto wao. Kenya na Uganda zina majimbo ya kijeshi ya namna hiyo. Tanzania haina. Askari wetu Mkatoliki, awe kambi ya Lugalo au ya Ruvu, pamoja na familia yake, yuko mikononi mwa askofu wa mahali.

Tangu mwaka 2025 Bagamoyo ni jimbo kamili. Kwa hiyo maparoko walio jirani na kambi za jeshi wasingoje misiba ndipo wazijue nyumba za askari. Baur aliaminiwa na pande zote mbili kwa sababu misheni yake ilijulikana kabla risasi hazijalia.