Windows na Linux Kisii na Nyamira: bei haikuamua

Kila unapozuka ubishi kati ya programu huria na programu za kampuni, hoja ni ile ile: Linux ni bure, Windows inauzwa, kwa hiyo mwenye kipato kidogo atachagua Linux. Mbona basi miaka ya 2000, toka Kisii mjini hadi Keroka na Nyamira, kompyuta za nyumbani na za saiba zilijaa Windows?

Jibu: kwa mtumiaji wa kawaida, zote mbili zilikuwa bure! Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda programu za kompyuta, lakini Windows XP, iliyotoka mwaka huo huo, ilipita mkono kwa mkono kwenye CD ya fundi. Aliyelipwa ni fundi, si kampuni. Bei zikilingana, mtu huuliza mengine: ikiharibika nani ataitengeneza? Itacheza nyimbo zangu?

Hapo ndipo Linux ilipokwama. Si kwamba haikufika. Ubuntu, mradi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilitoka Oktoba 2004. Toka 2005 hadi 2011 uliweza kuagiza CD zake ukaletewa bila malipo hadi kwenye sanduku lako la posta, iwe 40200 Kisii au 40500 Nyamira. Lakini ukiisha kuiweka, nyimbo za MP3 hazichezi! Teknolojia hiyo ilikuwa na hataza, hivyo ilibidi upakue programu ya ziada toka intaneti. Nayo intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti, ghali na ya polepole, hadi nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika mwaka 2009. Mfumo wa bure ukadai kitu ambacho hakikuwa bure.

Lugha nayo haikuokoa jahazi. Desemba 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na Microsoft nayo ikaahidi Kiswahili mwaka huo huo. Lakini vyuo vya mitaani viliendelea kufundisha "pakeji": Word, Excel, kwa Kiingereza.

Gharama ya CD ya fundi ilijitokeza baadaye: virusi vya flashi vilivyokula kazi za wanafunzi, na mashine zisizopata masasisho. Aprili 2014 Microsoft iliacha kuihudumia XP. Tarehe 14 Oktoba 2025 ikawa zamu ya Windows 10, na laptopu nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11.

Safari hii mizani imebadilika. Hataza za MP3 ziliisha 2017, intaneti iko kwenye simu, na simu yenyewe ikiwa ni ya Android inaendeshwa na kiini cha Linux. Kilichobaki ni fundi. Kama ofisi yako inategemea programu ya Windows pekee, baki nayo, ila ilipie. Wengine, kabla ya kuitupa laptopu, mwambie fundi akuwekee Linux kwenye flashi ya GB 8. Utaijaribu moja kwa moja toka kwenye flashi bila kufuta chochote. Asipojua, mjifunze pamoja.