Tanga la Mtu wa Kadiri

Desturi ya kutweka tanga si kwa kuvua, wala kwa kuchukua shehena, wala kwa kuvusha abiria, bali kwa kuistarehea bahari tu, ilipoingia Uingereza ilikuwa mali ya wafalme. Na aliyeiingiza ni Charles wa Pili, ambaye mwaka 1660, aliporejea kutoka uhamishoni kukalia kiti chake, alitunukiwa na mji wa Amsterdam chombo cha fahari kilichoitwa Mary. Kutoka kwake desturi ikawashukia makabaila, na mwaka 1815 waungwana wakaunda chama chao, kile ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Royal Yacht Squadron na kufanya makao yake Cowes, katika kisiwa cha Wight. Katika zama hizo mwenye chombo aghalabu hakugusa usukani wala kamba. Alikaa tezi na wageni wake, ilhali nahodha wa kuajiriwa na mabaharia waliovishwa sare walifanya kazi yote kwa ujira, na gharama iliyowazuia watu wa kadiri wasiikaribie starehe ile haikuwa mbao wala matanga hasa, ilikuwa ni mishahara ya watu wale na midomo yao ya kulishwa.

Kwa hiyo watu wa kipato kidogo walifunguliwa mlango na wale wachache waliothubutu kuwaondoa mabaharia wa kuajiriwa na kuichukua kazi yao kwa mikono yao wenyewe, wakaona kwamba kazi ile ile ndiyo furaha waliyokuwa wakiitafuta. Msomaji wa Lamu au wa Mkokotoni huenda akacheka hapa, maana babu yake alikesha na usukani kwa kutafuta riziki, na lau angeambiwa kwamba kuna mtu anayetoa fedha ili apate kulowa na kukosa usingizi, angemwombea dua apone.

Miongoni mwa hao wa kwanza alikuwa John MacGregor, wakili wa asili ya Uskoti, ambaye mwaka 1867 alisafiri peke yake katika chombo cha futi 21 kilichoitwa Rob Roy, akavuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, akapanda mto Seine mpaka Paris kwenye maonyesho makubwa ya mwaka ule, akipika na kulala humo humo. Kitabu chake kilisomwa sana. Lakini mtu ninayemthamini zaidi ni R. T. McMullen, dalali wa hisa wa London, mtu mkali, mpenda usafi, asiyestahimili uzembe, aliyeanza mwaka 1850 na chombo cha tani tatu kiitwacho Leo. Alipata baadaye chombo kikubwa zaidi, Orion, cha karibu tani 20, na kwa ajili yake akaajiri mabaharia wawili; na mwaka 1877, walipokuwa Cherbourg katika pwani ya Ufaransa, alichoshwa nao, akawafukuza, kisha akakirudisha chombo kile Uingereza bila mtu wa kumsaidia, akipandisha nanga na kukunja matanga ambayo kwa desturi ya wakati ule yalihitaji watu kadhaa. Fundisho lake lilikuwa kwamba chombo kidogo kilichojengwa vema hakina cha kuhofia katika maji makuu, na kwamba adui ni nchi kavu. Kwa hiyo pepo zikichafuka, nahodha asikimbilie bandari, bali ajitenge na pwani na kungoja. Aliishi kwa fundisho hilo hata siku yake ya mwisho: mwezi Juni mwaka 1891 wavuvi wa Kifaransa walimkuta katika chombo chake Perseus, amekwisha kufariki kwa ugonjwa wa moyo, na chombo kingali kinakwenda.

Vyombo vyenyewe vilitoka wapi? Aghalabu vilikuwa vyombo vya kazi vilivyostaafu. E. F. Knight alitwaa mashua ya kuokolea watu iliyokuwa ya meli, akaifunika kwa sitaha na kuipa milingoti, akaenda nayo kutoka Hammersmith mpaka Copenhagen. Erskine Childers, karani wa Bunge la Uingereza, alifuata mtindo huo huo mwaka 1897 katika chombo chake Vixen, akazunguka mafungu ya mchanga ya visiwa vya Frisia. Safari ile ndiyo iliyomzalia riwaya ya The Riddle of the Sands, iliyotoka mwaka 1903.

Ama aliyewapita wote kwa kufanya makubwa kwa fedha haba ni Joshua Slocum, mzaliwa wa Nova Scotia, aliyekuwa nahodha wa majahazi makubwa hata meli za moshi zilipoyaondoa katika biashara, naye akabaki hana kazi. Mwaka 1892 rafiki yake, nahodha mstaafu wa kuvua nyangumi, alimpa chombo bure. Na zawadi ile ilikuwa na mzaha ndani yake, kwani Slocum alipofika Fairhaven, Massachusetts, alikikuta kondeni, mbali na maji, kimefunikwa turubai, na majirani wakadhani amekuja kukivunja. Akaangusha mwaloni, akatia mkuku mpya, kisha mataruma, kisha mbao, kimoja baada ya kingine, mpaka cha zamani kilichosalia kikawa jina tu, Spray. Kazi ilichukua miezi 13, na vifaa vilimgharimu dola 553 na senti 62.

Alitweka kutoka Boston tarehe 24 Aprili 1895. Alikuwa na saa ya baharini ya kutafutia longitudo, lakini kuitengeneza kungemgharimu dola 15, naye akaiacha. Na alipofika Yarmouth, Nova Scotia, alinunua saa ya bati ambayo bei yake ilikuwa dola moja na nusu, ila kwa kuwa uso wake ulikuwa umevunjika, mwenye duka akamwachia kwa dola moja. Kwa saa hiyo, ambayo baadaye ilipoteza hata mshale wake wa dakika, aliizunguka dunia. Alipita pia katika bahari yetu ya Hindi: akifunga usukani na kukiacha chombo kijiongoze, alifika visiwa vya Keeling, kisha Rodrigues, ambako padri alikuwa amewahubiria watu habari za kuja kwa mpinga Kristo, na walipoona tanga jeupe likija na upepo mkali wakaamini kwamba ndiye huyo, naye amekuja kwa mashua. Kutoka hapo akaenda Morisi na Durban, akijipatia posho kwa kusimulia safari zake mbele ya watu walioketi kumsikiliza, hata akatia nanga Newport tarehe 27 Juni 1898, baada ya maili zaidi ya 46,000.

Haikuwa lazima, hata hivyo, kuzunguka dunia. Maurice Griffiths, mhariri wa jarida la Yachting Monthly tangu mwaka 1927, aliwafundisha makarani na walimu wa Kiingereza kwamba mtu aweza kuipata bahari kwa siku mbili za mwisho wa juma, katika vijito vya tope vya Essex na Suffolk, kwa chombo cha maji machache ambacho maji yakipwa hukaa juu ya tope salama, kama yakaavyo madau yetu. Humo mtu hupima kina kwa pondo, hujua siku ya bamvua na siku ya maji mafu, wala halipi ushuru wa gati. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alichora Eventide, chombo cha kujengwa nyumbani kwa plaiwudi.

Hatua iliyofuata ilikuja mwaka 1963, gazeti la Daily Mirror lilipouza vifaa vya mashua ya futi 10 na inchi 10, yenye matanga mekundu, kwa pauni 63 na shilingi 11. Mbao zake zilitobolewa matundu pembeni, zikashonwa kwa waya wa shaba, kisha viungo vikafunikwa kwa utepe wa nyuzi za kioo na gundi. Waingereza waliistaajabia mbinu hiyo kama uzushi mpya, ilhali mitepe ya Lamu na visiwa vyake ilishonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari wa chuma, karne nyingi kabla ya gazeti lile kuchapwa. Mashua hizo za Daily Mirror zimejengwa zaidi ya 70,000.

Vyombo vya nyuzi za kioo vilivyoundwa miaka ile ya sitini na sabini havikuoza, na hivyo vimejaa mitoni, vikiuzwa pengine kwa bei isiyofikia tanga jipya. Anayekinunua huona upesi kwamba kilicho ghali leo ni mahali pa kukifunga. Na wengi wamerudi kwenye vijito vile vya tope, ambako boya na mnyororo hukodishwa kwa sehemu ndogo ya kodi ya gati, kwa sharti kwamba mwenye chombo akubali kwenda na kurudi kwa saa za maji.