Kompyuta ya zamani: mfumo mtupu au uliokamilika? Angalia bando kwanza

Tangu Microsoft ilipositisha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali moja limekuwa likirudi kwenye simu zenu: laptopu isiyoweza kupokea Windows 11 itupwe? Hapana. Wengi wanaweza kuhamia Linux. Kazi ni kuchagua.

Mfumo endeshi ndio programu kuu inayoiwasha kompyuta na kuziendesha programu nyingine. Linux ilianza mwaka 1991 na ni ya chanzo huria: yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kuibadilisha. Programu za aina hiyo ndizo zilizowezesha mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Linux ina matoleo mengi. Mengine huja na kila kitu, mengine huja matupu ukaongeza unachohitaji. Debian, iliyoanza mwaka 1993, inatoa njia zote mbili.

Njia ya kwanza ni faili dogo liitwalo netinst, lisilofika GB 1. Wakati wa kuliweka, unaondoa alama kwenye programu usizozitaka, na kompyuta inabaki nyepesi. Lakini ukiondoa zote, utakuta skrini nyeusi inayosubiri uandike amri. Na kila unachoongeza, iwe kivinjari au programu ya kuandikia barua, kinapakuliwa kwa bando lako.

Njia ya pili ni faili la "live" lenye mwonekano mwepesi wa LXQt. Linazidi GB 2, ila linapakuliwa mara moja. Likishawekwa kwenye flashi, unaijaribu kompyuta kabla ya kufuta chochote, na flashi hiyohiyo inaweza kuhudumia kijiji kizima. Kunakili huko si wizi, leseni inaruhusu.

Kwa hiyo, aliye hapa Kimara mwenye intaneti ya uhakika na fundi wa jirani anaweza kuanza na mfumo mtupu. Aliye kijijini, anayenunua MB kwa kuhesabu, achukue uliokamilika. Mfumo mtupu usio na bando ni nyumba isiyo na mlango.

Kabla fundi "hajapiga" Linux, hakikisha haya:

- Picha na nyaraka zako umezihamishia kwingine, kwani diski inaweza kufutwa yote.
- RAM ni angalau GB 1, ingawa GB 2 ni bora zaidi, na diski ina nafasi ya GB 10.
- Kompyuta ni ya biti 64. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena faili la kuiweka kwenye kompyuta za biti 32. Hizo zitumie Debian 12.
- Programu unayoitegemea, mfano ya hesabu za duka, inafanya kazi kwenye Linux. Nyingi za Windows hazifanyi.

Ukikwama, tupigie wakati wa kipindi. Tutajibu hewani ili na wengine wafaidike.