Kinachouzwa Kwenye Foleni: Rushwa na Ukaguzi katika Mwambao wa Ziwa Mweru

Julai 2013 wanawake wawili vijana kutoka Tanzania walikamatwa katika Uwanja wa Ndege wa OR Tambo, Johannesburg, wakiwa na mabegi yenye takriban kilo 150 za kitu kilichodhaniwa kuwa dawa za kulevya. Safari yao ilianzia Dar es Salaam, katika Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere, palipo na mashine za eksirei, askari na kamera. Mwezi uliofuata Waziri wa Uchukuzi, Harrison Mwakyembe, aliwataja hadharani watumishi wa uwanja aliosema walihusika, akaagiza wachukuliwe hatua. Kilo 150 si kitu cha kufichwa kwenye soksi. Mzigo wa namna hiyo hauponyoki mbele ya mashine kwa bahati. Lazima awepo mtu aliyeamua kutoutazama. Tarehe 14 Agosti 2023 ikawa zamu ya Lusaka: ndege ya kukodi kutoka Cairo ilizuiwa ikiwa na dola milioni 5.7 taslimu, bastola 5, risasi 126 na vipande 602 vya kilichodhaniwa kuwa dhahabu. Hapo nako watu wakauliza milango yote ile ilikuwa inalindwa na nani.

Mazungumzo ya kawaida hutenganisha rushwa za aina mbili. Ipo ya kuharakisha, anayoitoa mtu mwenye haki ya kupita ila hana muda wa kusubiri. Ipo pia ya kuvunja sheria, anayoitoa asiye na haki ya kupita hata angesubiri mpaka kesho. Ya kwanza husamehewa kirahisi, na wasomi wamewahi kuitetea. Makala hii inadai kwamba mahali pa ukaguzi mgawanyo huo hausimami, na kwamba bandari ndogo ya Nchelenge, mkoani Luapula nchini Zambia, inalionyesha jambo hilo vizuri kuliko uwanja wowote wa ndege.

Utetezi wa rushwa ya haraka una historia ndefu. Mwaka 1964 Nathaniel Leff aliandika kwamba penye urasimu mbovu rushwa huwasaidia wenye bidii kusonga mbele. Mwaka 1985 Francis Lui akaipa hoja hiyo umbo la kihisabati: katika foleni, anayethamini muda wake zaidi hulipa zaidi na kutangulia, hivyo hasara ya jumla ya kusubiri hupungua. Waswahili walikwisha kuyasema hayo kwa maneno machache: penye udhia penyeza rupia. Lakini methali inauchukua udhia kama jambo lililokuwepo tayari, mithili ya mvua au jua. Gunnar Myrdal alihoji dhana hiyo mwaka 1968 alipoonya kwamba ofisa anayelipwa ili aharakishe ana kila sababu ya kuchelewesha kwanza. Daniel Kaufmann na Shang-Jin Wei walipopima mwaka 1999, waliona kampuni zinazotoa rushwa zaidi ndizo zinazopoteza muda mwingi zaidi na maofisa.

Ukosoaji huo unajulikana. Kasoro ninayoiona kubwa zaidi iko kwingine: katika foleni ya Lui hakuna anayekaguliwa. Ofisa wake ni kama karani wa stempu, akimhudumia huyu kabla ya yule hakuna kilichoharibika isipokuwa zamu. Ofisa wa forodha, uhamiaji, afya au uvuvi ana kazi nyingine kabisa. Yeye hupekua, na kupekua huko ndiko kunakochukua muda. Anayelipia muda kwake hawezi kuupata ila upekuzi upungue. Huko Delhi, Marianne Bertrand na wenzake walifuatilia watu 822 waliokuwa wakitafuta leseni za udereva, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Takriban asilimia 71 ya waliopata leseni hawakufanya mtihani rasmi wa kuendesha. Walichokitaka ni haraka. Walichouziwa ni kutopimwa.

Sasa tuje ziwani. Mweru lina zaidi ya kilomita za mraba 5,000, na mpaka wa Zambia na Kongo unapita katikati ya maji yake. Upande wa mashariki ipo Nchelenge na jirani yake Kashikishi, yenye soko la samaki linalolisha miji ya Ukanda wa Shaba. Ng'ambo ipo Kilwa ya Katanga, isichanganywe na ile ya Lindi. Biashara hii ni kongwe. Tangu zama za ukoloni Wagiriki wa Kasenga, upande wa Kongo, walikuwa wakinunua samaki wa Mweru na Luapula na kuwapeleka Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na siri ya biashara yao ilikuwa barafu. Perege wa huko akitoka majini asubuhi bila barafu, thamani yake huanza kushuka kabla jua halijapanda. Chisense, dagaa wa huko, huanikwa mchangani na anaweza kusubiri, ilimradi mvua isinyeshe.

Mchuuzi wa samaki wabichi ndiye hasa mtu wa Lui. Muda kwake ni mtaji unaooza. Akitoa noti ili kibali chake kigongwe mhuri mapema, ni vigumu kumwita mhalifu, na sitamwita hivyo. Ila tazama nani mwingine anapita ufukweni hapo. Kati ya tarehe 1 Desemba na mwisho wa Februari uvuvi hufungwa kwa mujibu wa sheria ya uvuvi ya Zambia ili samaki wazaliane, na mwenye samaki wa magendo anahitaji apite bila kuulizwa. Mwaka 2023 Nchelenge ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopata kipindupindu, ugonjwa unaosafiri na watu pamoja na maji ya ziwa lenyewe. Ng'ambo kuna vita vya mara kwa mara na silaha zake. Upande huu, baada ya ukame ambao Rais Hakainde Hichilema aliutangaza kuwa janga la taifa tarehe 29 Februari 2024, kila gunia la unga wa mahindi linaloelekea Kongo lilikuwa na bei ya kumshawishi mtu alivushe usiku.

Wote hawa wakifika mezani hutoa noti ileile. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mahali ambapo hakuna anayetoa kitu, anayetoa hujitambulisha: bahasha yake ni ushahidi kwamba mzigo unastahili kufunguliwa. Mahali ambapo kila mtu hutoa, bahasha haisemi lolote. Mchuuzi wa perege, kwa kulipa kwake kusiko na hila, ameshamfunika mwenye bunduki. Ofisa naye hahitaji kuwa mshirika wa wahalifu. Anachohitaji ni mazoea tu. Anaweza kuapa kwa moyo safi kwamba hajawahi kupitisha silaha, kwa kuwa hajawahi kuziona.

Anayeumia kwanza ni asiye na cha kutoa. Kuanzia Agosti 2017 maelfu ya watu walivuka kutoka majimbo ya Kongo ya Haut-Katanga na Tanganyika wakikimbia mapigano, wengi wao wakizungumza Kiswahili cha Katanga. Walipokewa Kenani, kisha makazi ya Mantapala yakafunguliwa mapema mwaka 2018. Penye foleni inayouzwa, mtu wa namna hiyo husukumwa nyuma, na ukaguzi wote uliopunguzwa kwa wenye pesa humwangukia yeye. Hubaki akipekuliwa mama mwenye kifurushi cha nguo.

Jean-Pierre Olivier de Sardan aliandika mwaka 1999 kwamba rushwa ndogo barani Afrika imefumwa ndani ya adabu za kutoa zawadi, kusaidiana na kupatana bei, hata mpokeaji asijione mwizi. Nakubali. Katika mji mdogo ofisa na mchuuzi huenda wanasali kanisa moja, na sheria yenyewe si lazima iheshimiwe na wote: aliyezuiwa kuuza mahindi yake ng'ambo kwa bei nzuri anaweza kuona kizuizi hicho ndicho dhuluma. Hata hivyo hoja ya adabu inaeleza kwa nini noti inapokelewa bila haya. Haielezi kinachopita baada ya hapo, na kipindupindu hakijali kama waliopeana mkono walikuwa majirani.

Safari haiishii ufukweni. Lori la Kashikishi hupita Mansa, huvuka Luapula kwenye daraja la Chembe lililofunguliwa mwaka 2008, hukata ardhi ya Kongo mpaka Mokambo, ndipo lifike Mufulira. Vizuizi ni vingi njiani. Benjamin Olken na Patrick Barron, ambao wasaidizi wao walipanda malori katika safari 304 mkoani Aceh, Indonesia, waliona malipo yasiyo halali zaidi ya 6,000, na waliona kwamba kadiri lori linavyokaribia mwisho wa safari ndivyo bei ya kizuizi inavyopanda, kwa kuwa dereva ameshatumia mengi mno kurudi nyuma. Vizuizi vilipopunguzwa, vilivyobaki vikapandisha bei. Mwenye samaki kwenye barafu inayoyeyuka yumo hatarini kuliko dereva yule wa Aceh. Kuongeza vizuizi kwa jina la kupambana na magendo ni kuongeza wauzaji.

Viwanja vya ndege, ambavyo tumevilaumu hapo mwanzo, vina somo moja la kufaa. Vingi vinauza njia ya haraka waziwazi, kwa risiti. Abiria aliyelipa hutangulia, ila mkoba wake huingia kwenye mashine ileile. Zamu imeuzwa na ukaguzi haukuguswa, kwa kuwa anayepokea ada si yule anayetazama skrini. Kwa Nchelenge hilo lingemaanisha ada ya zamu iliyobandikwa ukutani, ikilipwa kwa mtu asiye na mamlaka juu ya mzigo. Wakaguzi wengi zaidi saa za mitumbwi kuingia. Na hati moja ya ukaguzi inayoheshimiwa mpaka Mufulira. Barafu ya bei nafuu ufukweni ingesaidia kuliko semina kumi za maadili, maana ingempunguzia mchuuzi haraka yenyewe. Tatizo ni sehemu ya njia iliyo ndani ya Kongo, ambako hati ya Zambia haina nguvu, na hapo sioni njia ya mkato nje ya makubaliano ya serikali mbili.

Dai hili linapimika. Wakati wa kufungwa kwa uvuvi, samaki wabichi wa ziwa hawana njia halali ya kupita, isipokuwa wachache wa mabwawa wenye karatasi zao. Anayelipa mwezi Januari hanunui muda, ananunua kutotazamwa. Anayelipa Juni huenda ananunua muda tu. Mtafiti atakayekusanya bei za Januari na za Juni katika vizuizi vilevile ataona kama ofisa anauza bidhaa mbili. Bei ya Januari ikizidi sana ile ya Juni, nitakuwa nimekosea, maana ofisa atakuwa anajua vyema nani ni nani. Zikikaribiana, basi bidhaa ni moja, na mchuuzi wa perege amekuwa akiilipia miaka yote hii bila kuihitaji.