Kimeng'enya

Neno hili limetokana na kitenzi kumeng'enya, yaani kuvunjavunja chakula mwilini, na wengi huishia hapo, tumboni. Naona tunalibana mno. Bakteria wa kifua kikuu hana tumbo, ila vimeng'enya anavyo tele, na si vyote vya kuvunja: vingine hujenga. Kimoja kati ya vimeng'enya vyake, isositreti liasi, humwezesha kujilisha kwa mafuta ya mwili wa mgonjwa. Kingine, katalasi, ndicho kinachoiamsha isoniazidi, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1952. Kidonge humezwa kikiwa hakina makali. Bakteria mwenyewe ndiye hukigeuza kuwa sumu ya kumwangamiza. Jeni ya kimeng'enya hicho ikiharibika, dawa haiamki, na bakteria huendelea kuzaana.